Wavulana Waliokwenda kwa Nyanya

Binti ya kaka yangu, ambaye anasomea sosholojia chuo kikuu, alinitembelea likizo iliyopita akiwa na habari njema. Amefaulu kulikwepa somo la takwimu. Alikuwa na furaha ya mtu aliyepona taifodi.

"Shangazi," akaniambia, "utafiti wangu ni wa kuongea na watu. Mambo ya hesabu nimewaachia watu wa uchumi."

Nikamuuliza ataongea na nani. Na wanawake wa kijijini. Wangapi? Sita. Atawapata wapi? Kanisani kwa mama yake. Nikampongeza. Nikamwambia kwamba sasa Kenya nzima italala usingizi mnono, maana itajua wanawake sita wa kanisa la mama yake wanafikiri nini.

Basi haya namwandikia yeye, pamoja nanyi wenzake mlioingia sayansi ya jamii kwa kuikimbia hesabu, kama mtu anayekimbia mvua na kujitosa ziwani. Mimi nilifanya utafiti wa nyumba kwa nyumba Migori na Homa Bay miaka ya tisini. Nilianza nikiwa karani wa kuuliza maswali, nikamalizia nikiwa msimamizi wa makarani. Nilichobaki nacho ni magoti mabovu na heshima kubwa kwa mbwa wa watu.

Wakati huo palikuwa na mradi wa elimu wenye ofisi Migori mjini, na mradi ulikuwa na Daktari. Si daktari wa malaria, daktari wa vitabu. Alikuwa mtu mpole, msafi, mwenye kipaji cha kumfanya yeyote aseme lile ambalo Daktari alikuja kulisikia. Aliulizwa na kamati ya elimu ya wilaya kwa nini watoto wa upande wa Macalder, kule Nyatike ambako watu huchimba dhahabu, wanaacha shule. Daktari akaitisha mikutano. Mmoja kwa chifu, mwingine na walimu, wa tatu hotelini, ambako wageni waheshimiwa walikula kuku na kusikitikia jamii. Wote walikubaliana kwamba kosa ni la akina mama. Wameacha watoto nyumbani, wanakwenda machimboni kuosha dhahabu, na mtoto asiye na mama nyumbani hasomi. Hapakuwa na mama muosha dhahabu hata mmoja kwenye mikutano hiyo, kwa sababu, kama mnavyoweza kukisia, walikuwa machimboni wakiosha dhahabu.

Rasimu ya ripoti ilitoka nzuri sana. Ilikuwa na "muktadha", ilikuwa na "mmomonyoko wa maadili". Ilikuwa pia na pendekezo moja lililo wazi: wanawake wazuiwe kuingia machimboni.

Sijui kama mmewahi kumwona mama akiosha dhahabu. Anachuchumaa kwenye maji ya matope kutwa nzima, anazungusha karai, anamwaga, anazungusha tena, na jioni anabeba kitu kidogo kuliko chawa. Wengi wao walikuwa wajane au wake wa wanaume waliopotelea mijini. Pamba ilikuwa imekufa, shamba lilikuwa mawe. Karai hilo ndilo lililokuwa sufuria, dawa na sare ya shule. Kamati ya elimu ya wilaya ilikuwa inajiandaa kulichukua kwa sababu ya chakula cha mchana cha hotelini.

Mimi niliitwa kwenye mkutano wa kamati ili nipewe kazi yangu. Daktari alitaka "sauti za wanajamii", yaani nukuu chache za kupamba ripoti ambayo tayari ilikuwa na hitimisho. Nikakaa karibu na mlango, jirani na chupa ya chai. Nikainua mkono.

"Daktari, naomba kuuliza. Na kule ambako hakuna dhahabu, watoto wanasoma?"

Akatabasamu. "Madam Peres, sisi tunachunguza Macalder."

"Ndiyo. Lakini tukisema dhahabu ndiyo inatoa watoto shule, si lazima tuone kama mahali bila dhahabu watoto wako shule?"

Akaanza kueleza habari za undani wa maisha ya binadamu, ambao hauwezi kupimwa kwa mizani. Alieleza vizuri, hata mimi nikaguswa. Lakini mwenyekiti wa kamati, mzee mmoja mchungu kama mwarobaini, alikuwa na njaa na hakupenda hotuba. Akamkata.

"Jibu swali la mama."

Daktari akapekua makaratasi yake. Hakuwa amekanyaga mahali pengine. Kamati ikatupa muda mfupi wa kwenda nyumba kwa nyumba Macalder, Sindo kando ya ziwa, na Ntimaru huko juu kwa Wakuria mpakani. Pale mkutanoni ndipo nilipojifunza kwamba swali la utafiti wa hesabu linaweza kutoshea kwenye pumzi moja: ukilinganisha na nini? Liwekeni mfukoni. Linafukuza upuuzi kuliko dawa ya mbu.

Nilifanya kazi hiyo na Mwita, mzaliwa wa Ntimaru, mtu mrefu asiyeamini lolote mpaka aambiwe mara mbili. Tuliorodhesha nyumba zote za kila kijiji, kisha tukapiga kura kuchagua za kuingia. Hapo ndipo mzee wa kijiji wa Macalder alipokaribia kutufukuza. Alikuwa ametuandalia watu wake wazuri: katekista, mwenye duka, ndugu yake. Kura ikamruka katekista, ikamruka mwenye duka, ikamchagua mlevi aliyekuwa akiishi nyuma ya kinu cha kusaga.

"Huyo atawaambia nini?" mzee akafoka. "Mnaacha watu wa maana mnaenda kwa takataka?"

"Mzee," Mwita akamjibu, "kura haina adabu. Haijui mtu mkubwa."

Hiyo ndiyo sampuli, ndugu zanguni. Kurasa zote zile mnazozikimbia chuoni zinasema tu kwamba hata mlevi wa nyuma ya kinu ana haki ya kupatikana. Mtafiti anayejisifu kuwapa sauti wanyonge, kisha anaongea na wale tu waliomkuta barabarani, amewapa sauti watu walio barabarani.

Miongoni mwa nyumba zilizochaguliwa ilikuwa ya mama mmoja aliyeitwa Min Achieng, mama ya Achieng. Tulimkosa mara ya kwanza. Karani wangu akataka kuingia nyumba ya jirani, maana jirani alikuwepo na alikuwa amepika. Nikamkataza. Anayekuwepo nyumbani kila saa si mtu yule yule na asiyekuwepo. Ukibadilisha aliyekosekana kwa aliyepatikana, utafanya utafiti wa watu wasio na kazi.

Tukarudi tena, tukampata anaosha miguu. Mwanamke mwembamba, mikono imechubuka kwa mchanga na zebaki. Aliponisikia nikisema Kiluo cha kwetu Karachuonyo akacheka, akaniita binti wa huko.

"Karibu, Nyar Karachuonyo. Leo serikali imenitumia dada."

Akatupa uji. Sasa mnisikilize vizuri, maana hili halimo kwenye vitabu vyenu. Kwetu hatuhesabu watoto. Mama hawezi kuambiwa "una watoto wangapi" akakutajia tarakimu. Ni kama kumwita kifo aje achague. Unamwomba awataje kwa majina, mmoja baada ya mwingine, kama anayekujulisha jamaa zake. Wewe unahesabu moyoni na uso wako unakunywa uji. Tena usiulize "mtoto anasoma?" Watoto wote wa dunia wanasoma mgeni akiuliza. Uliza jana asubuhi huyo mtoto alikuwa wapi.

"Achieng alikuwa shule," Min Achieng akasema. "Yuko darasa la saba, ni wa kwanza kwa wasichana."

"Na Otieno?"

"Otieno ameenda kwa nyanya yake."

Nikaandika. Jibu zuri, la kawaida. Mtoto kwenda kwa nyanya ni jambo la heri.

Sindo tulipata taabu nyingine. Wavuvi wa omena hufanya kazi usiku na mchana hulala, kwa hiyo unabisha mlango unapokewa na matusi. Karani wetu mmoja akaona njia rahisi: alikaa kwenye kibanda cha samaki, akajaza fomu zake zote akila. Nilimkamata bila kumfuata. Familia zake zilikuwa nzuri kupita kiasi. Kila nyumba ilikuwa na baba, mama na watoto wanne, hakuna mjane, hakuna mtoto aliyekufa, hakuna aliyejibu ovyo. Nikamwambia kwamba nimefurahi kusikia Sindo imekuwa mbinguni, na kwamba sasa arudi akatafute Sindo ile ya duniani. Uongo huwa nadhifu, vijana. Ukweli una matope na watu wasiokumbuka umri wao.

Ntimaru ilikuwa rahisi kwa sababu Mwita ni wa nyumbani, na ngumu kwa sababu hiyo hiyo, maana kila nyumba ilitaka kwanza ajieleze kwa nini hajaoa. Lakini watu walijibu. Wasichana wengi walikuwa wameacha shule, wengine wameshaolewa. Wavulana walikosekana pia, na mama alisema bila haya: anachunga ng'ombe. Sindo vilevile: ameenda ziwani na baba yake.

Tukarudi Migori tukafunga mlango wa ofisi, tukaanza kujumlisha. Hatukuwa na kompyuta. Ile ya mradi ilikuwa ya Daktari na ilifunikwa kitambaa kama maiti. Tulichora majedwali kwenye karatasi kubwa, mimi nasoma, Mwita anachora vijiti vya kuhesabia.

Wasichana walitoka kwanza. Wasichana wa akina mama waosha dhahabu walikuwa shuleni kuliko wa Sindo, kuliko wa Ntimaru, na hata kuliko wa majirani zao wa Macalder ambao mama zao walikaa nyumbani kwa maadili mema. Mwita akapiga meza.

"Madam, Daktari amekwisha!"

Tuliagiza chapati.

Kisha tukaingia kwa wavulana. Mwita akatia vijiti, akatia vijiti, mwisho akaweka kalamu chini.

"Madam, hawa manyanya wa Nyatike wako na nini?"

"Kwa nini?"

"Vijana wote wakubwa wameenda kwao. Sindo hakuna nyanya anaita vijana. Kwetu Ntimaru hakuna. Huku tu. Na hawaiti wasichana. Wanaita kijana, tena mwenye nguvu."

Nikaangalia jedwali. Ilikuwa kweli. Nyumba baada ya nyumba, mvulana wa darasa la sita au la saba alikuwa kwa nyanya yake. Na katika eneo zima la machimbo, hapakuwa na mtoto hata mmoja aliyesemekana anachimba. Dhahabu ilikuwa inajichimba yenyewe.

Hebu fikirini. Nyumba moja ikikwambia mtoto yuko kwa nyanya, utaamini, na una haki ya kuamini. Ungemhoji Min Achieng siku nzima kwa upole wako wote wa kisosholojia, ungepata hadithi tamu ya nyanya na mjukuu, ungeiita "mahusiano ya vizazi", ungepewa shahada. Uongo huo haukuonekana katika nyumba yoyote. Ulionekana tu zilipowekwa nyumba zote pamoja.

Tukachora jedwali jingine: nyumba ambazo msichana yuko shule, tukazilinganisha na zile ambazo mvulana yuko kwa nyanya. Zilikuwa nyumba zile zile.

Chapati zilipoa. Mwita ndiye aliyesema kwanza.

"Tumeshashinda, Madam. Hii ya vijana tuiache. Daktari akiipata atawamaliza hawa akina mama."

Nikakunja majedwali. Kesho yake nikaenda Macalder peke yangu. Nilimkuta Min Achieng majini, karai mkononi. Nikachuchumaa kando yake.

"Min Achieng, nyanya ya Otieno anakaa wapi?"

Akaendelea kuzungusha karai. "Nyanya gani?"

"Uliniambia Otieno yuko kwa nyanya yake."

Alimwaga maji polepole. "Mama yangu alikufa nikiwa msichana. Mama ya bwana wangu alikufa kabla Otieno hajazaliwa." Akanyoosha kidole kwenye rundo la mawe, na shimo jembamba kando yake ambalo mtu mzima asingepita bila kujikunja. "Yuko huko."

Mashimo yale yalikuwa yanashikiliwa na miti iliyooza. Kila msimu wa mvua moja liliporomoka likajifunga. Chifu alikuwa ametangaza kwamba mzazi ambaye mtoto wake ataonekana humo atapelekwa kituoni, na ndiyo maana manyanya walifufuka.

"Mwalimu mkuu akifukuza watoto kwa ajili ya ada," Min Achieng akasema, "anafukuza wote wawili. Karai langu linaleta chakula. Haliwezi zaidi. Mradi wenu unasaidia wasichana kidogo, wavulana hapana, tena huo msaada hautoshi. Kwa hivyo nilichagua. Achieng ana kichwa. Otieno ana mabega."

"Nitalisema kwenye kamati."

Hapo ndipo alipogeuka. Sijawahi kuangaliwa hivyo na mtu niliyekunywa uji wake.

"Nilikukaribisha kama dada. Kumbe ulikuja kunihesabia mtoto."

"Sitataja jina lako."

"Kila mtu atajua."

"Watajua ni nyumba nyingi, Min Achieng. Ukisema wewe peke yako, chifu atakufunga. Zikisema nyumba zote kwa pamoja, atamfunga nani?"

Alichota mchanga mwingine. Niliondoka bila kuagwa, na kwetu hilo ni neno zito kuliko tusi.

Ninyi huambiwa kwamba tarakimu ni katili kwa sababu zinafuta uso wa mtu. Zinafuta, ndiyo. Kuna siku ambapo kufutwa uso ndiyo huruma pekee anayoihitaji mtu. Nukuu moja ya Min Achieng ndani ya ripoti, hata bila jina, "mjane mmoja mwenye binti wa kwanza darasani", kijiji kizima kingemjua kabla ya ukurasa kugeuzwa.

Kwenye kamati nilisoma majedwali yote mawili. Nilipomaliza, Daktari alisimama akasema kwamba amefurahi sana, kwa kuwa hili linathibitisha alichosema tangu mwanzo, yaani kwamba Macalder kuna tatizo. Nawaomba mjifunze kwake. Hakuna namna ya kumshinda mtu kama huyo; mnaweza tu kumpa kiti.

Mwenyekiti hakumwangalia. Akaniuliza mimi.

"Kwa hivyo tukiwatoa akina mama machimboni, itakuwa nini?"

"Wasichana watawafuata kaka zao, bwana mwenyekiti. Shimoni."

Chifu wa Nyatike, aliyekuwa mpishi mkuu wa pendekezo lile, akaanza kukagua dari.

Pendekezo la kuwazuia wanawake likaanguka. Msaada wa ada, uliokuwa wa wasichana tu, ukafunguliwa kwa wavulana wa machimboni, na walimu wakuu wakaambiwa wasimfukuze mtoto anayesubiri msaada huo. Wenye mashimo walipewa onyo kali sana. Walilipokea kwa unyenyekevu, wakarudi nyumbani, na kesho yake mashimo yakafunguliwa saa ile ile. Sitaki kuwadanganya kwamba takwimu hufanya miujiza. Baadhi ya wavulana walitoka. Wengine walikuwa wameshaonja kushika pesa na hawakutaka tena kushika kalamu. Mmoja tulimkuta kaburini, shimo lilikuwa limemfunika kabla karatasi za msaada hazijafika. Yeye pia yumo kwenye majedwali yangu, na ndiye ninayemkumbuka kila ninaposikia kwamba hesabu hazina hisia.

Mwaka uliofuata kamati ilitutuma tuzirudie nyumba zile zile, tuone kama kuna kilichobadilika. Kurudia nako ni sehemu ya kazi. Anayepima mara moja ameona picha, hajaona mwendo. Mimi na Mwita tulianzia shuleni. Mwalimu wa darasa la sita alikuwa akiuliza maswali ya sehemu na desimali, na mikono midogo ilikuwa inapunga. Nyuma kabisa kulikuwa na mkono mmoja mkubwa, wenye makovu kwenye vifundo. Otieno. Magoti yake yalikuwa yamelizidi dawati, na wadogo waliokaa mbele yake walikuwa wakimwita baba.

Nilihisi mtu kando yangu dirishani. Min Achieng, karai likiwa kichwani, njiani kwenda kazini. Hatukuwa tumesemezana tangu siku ile majini. Hakunisalimia. Alikuwa anaangalia ndani.

Mwalimu akamwita Otieno. Otieno akasimama, akafikiri, akasema jibu lake kwa sauti nzito. Darasa zima likaangua kicheko. Naye akacheka, akajikuna kichwa, akakaa.

"Amekosea?" Min Achieng akaniuliza.

"Amekosea."

Akalisawazisha karai kichwani.

"Muache akosee hapa," akasema. "Kule shimoni, mtu akikosea tunamzika."

Akaenda zake. Alipofika kwenye lango la shule aligeuka, akapaza sauti:

"Nyar Karachuonyo! Jioni upitie, kuna uji."